Usimuulize Fundi "Utamaliza Lini?"

Habari za Dar! Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Leo sirekodi kutoka Birmingham, niko likizo, niko Goba. Hilo nyuma yangu ni boma la kaka yangu, na kelele mnazosikia ni mashine ya zege ya jirani. Mtanivumilia.

Kila nikirudi nyumbani nasikia lawama zilezile: mafundi waongo. "Alisema Ijumaa anamwaga linta, lile zege la juu ya milango na madirisha, Ijumaa imefika hata mbao hajapiga." Sasa mimi kule Uingereza kazi yangu ni hii hii, kupanga ratiba za mafundi saiti, na nitasema jambo litakaloudhi watu. Fundi wako hakukudanganya. Wewe umempigia simu kutoka Dubai, unamuuliza, "Fundi, Ijumaa unamaliza?" na hela ya wiki bado iko mkononi mwako. Unategemea aseme nini? "Ijumaa tu bosi, hamna shida." Hapo hujapata ahadi. Umepata adabu.

Na msidhani ni ugonjwa wa Bongo. Miaka ya 1990, Wamarekani wawili, Glenn Ballard na Greg Howell, walianza kuhesabu kwenye miradi ya ujenzi: kazi zilizopangwa kufanyika wiki hii, ngapi zimekwisha wiki hii? Wakakuta ni zaidi kidogo tu ya nusu. Hizo ni saiti zenye wahandisi, kompyuta na ratiba zilizobandikwa ukuta mzima! Wakatengeneza utaratibu unaoitwa Last Planner, yaani mpangaji wa mwisho, na Ballard akauandikia tasnifu yake ya udaktari pale Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 2000. Mji wangu huo, najivunia kana kwamba nilimshikia kalamu.

Msingi wake ni kwamba mtu wa mwisho kupanga kazi ni yule anayekwenda kuisimamia kwa mikono yake. Kwa hiyo ahadi ya wiki aitoe yeye, na awe na haki ya kusema, "Hapana, hiyo wiki hii haiwezekani." Hapo ndipo mabosi wengi wa Dar wananuna.

Jumatatu moja nilimuuliza fundi mkuu wa hapa swali tofauti. Sikusema utamaliza lini. Nilisema, "Fundi, nini kitakuzuia kumwaga linta wiki hii?" Akacheka kwanza, halafu akafunguka. "Dada, maji hakuna, na boza haliji bila hela mkononi. Nondo zipo, waya wa kufungia umeisha. Mbao tumeazimisha saiti ya Madale, zinarudi Alhamisi. Halafu fundi umeme hajapitisha mabomba yake." Vikwazo vinne, na hakuna hata kimoja kinachoitwa uvivu. Kila kimoja tukakipa mwenyewe na siku: maji na waya ni vya kaka, mbao ni za fundi mkuu, fundi umeme nikampigia mimi. Wiki hiyo vijana wakafanya kazi ambazo hazina kizuizi, wakakata nondo, wakasuka, wakajaza kifusi vyumbani. Linta ikasogezwa wiki ya pili. Kaka alinuna, lakini siku iliyotajwa ndiyo siku zege lilipanda.

Kule kwetu saiti tunaangalia vikwazo vya wiki sita mbele. Kwa nyumba ya kawaida ya Goba au Chanika hata wiki tatu zinatosha, bora tu kila wiki mkae chini tena. Na ratiba kubwa mnaipanga kurudi nyuma. Mnataka bati liwe juu kabla masika hayajaanza mwezi wa tatu? Anzeni hapo kwenye bati, kila fundi aseme anahitaji nini kutoka kwa mwenzake. Wa bati anataka kenchi zimesimama, wa kenchi anataka zege la mkanda limekomaa. Zege halijali haraka zako, lahitaji kumwagiwa maji siku saba au zaidi, na siku hizo ziandikwe kwenye ratiba kama kazi nyingine. Kutegemeka si kukimbizana.

Tuje kwenye upotevu, maana hapa ndipo hela zenu zinapolala. Aliyetufundisha kuuona ni Taiichi Ohno wa Toyota, aliyetaja aina saba, na mwaka 1992 Mfini Lauri Koskela akaandika kwamba fikra hizo zinafaa na kwenye ujenzi. Sitazipitia zote. Mimi inayoniuma kuliko zote ni kutindua. Fundi plasta kapiga ukuta umenyooka, kalipwa, kaondoka. Wiki inayofuata fundi umeme anakuja na grainda, anachana ukuta ule ule apitishe mabomba. Kisha fundi bomba naye. Kisha plasta anaitwa tena kuziba, kwa bei mpya, na kiraka kitaonekana hata ukipaka rangi ya gharama gani. Umelipa ukuta mmoja mara mbili, na aliyekuibia humuoni, kwa sababu hakuna aliyeiba. Hakuna tu aliyewakalisha watatu hao pamoja kwa nusu saa.

Saruji nayo. Mtu kasikia bei itapanda, kanunua mifuko ya kujaza chumba wakati msingi bado haujachimbwa. Mifuko inakaa chini sakafuni, unyevu wa Dar unaujua, baada ya muda saruji imeganda na wewe unapasua mawe. Nunua ya kazi iliyo tayari kufanyika.

Wenzangu wa ughaibuni, naomba niseme na nyinyi pembeni. Kikwazo kikubwa kwenye saiti nyingi ni sisi. Hela ya Jumatatu asubuhi inachelewa, fundi anakaa bila kazi, anakwenda saiti nyingine kwa sababu watoto wake wanakula kila siku. Ukituma Jumanne, hayupo. Halafu unaandika kwenye grupu la familia kwamba ametoroka. Tarehe ya hela iingie kwenye ahadi za wiki, na jina lako mbele yake.

Mnahitaji daftari, basi. Jumatatu fundi anaandika ahadi zake. Jumamosi mnapiga tiki au mkasi. Linta iliyofika asilimia 90 ni mkasi, maana fundi wa paa hawezi kupanda juu ya asilimia 90. Ahadi 10, tiki sita, wiki hiyo ni asilimia 60. Pembeni ya kila mkasi andikeni sababu: maji, hela, mvua, kifaa, kazi ya mwenzake. Msilitumie daftari kumkata fundi hela. Mkifanya hivyo, wiki ya tatu mtaona tiki tupu na saiti imelala.

Daftari la hapa Goba, sababu inayoongoza hadi sasa ni maji, kwa hiyo kaka ameanza kuulizia bei za simtanki. Wa Bunju, Kigamboni, Mbagala, niandikieni hapo chini yenu ni ipi. Jumapili nitakaa na fundi mkuu tuzisome pamoja, na yeye ndiye atakayejibu.