Behewa liko wapi?

MWANAIDI: Haya, mashine yaenda? Beka wanisikia?

BEKA: Nakusikia vizuri dada Mwana, ila mtanisamehe, jogoo wa jirani hapa Tabata anawika saa tatu usiku, sijui ana shida gani.

MWANAIDI: Mwache, huyo asha kuwa mtangazaji wa tatu. Sasa leo tulisema twazungumzia siasa na sheria za Texas, na mimi nimejitahidi, nimeandika mambo matatu ya kujifunza kwenye karatasi, lakini kwanza lazima nikueleze yaliyonipata Jumanne.

BEKA: Umepiga kura.

MWANAIDI: Nimepiga kura! Ya kwanza tangu niapishwe uraia wa Marekani. Sasa wajua mimi kwetu Mombasa nimezoea kura sita, rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA, yaani diwani wa kaunti, na hizo sita twaona nyingi, watu wachanganya karatasi na masanduku. Nikaja Harris Kaunti hapa Texas nikijua mimi mzoefu. Yakhe! Nagusa kioo, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, majina hayaishi, nikidhani nimemaliza naambiwa endelea.

BEKA: Wote hao wanagombea nini?

MWANAIDI: Majaji, Beka. Majaji! Wa Mahakama ya Juu, wa rufaa, wa wilaya, wa kaunti, wa familia, wa mirathi, mpaka wa kesi ndogondogo za mtaani. Wote wapigiwa kura, tena kwa chama, kando ya jina imeandikwa Republican ama Democrat. Nilikuwa na orodha kwenye simu, nikaambiwa simu zima, ni marufuku kuitumia humo ndani. Karatasi yaruhusiwa. Bahati nilikuwa nimeandika majina mengine nyuma ya risiti ya sokoni, lakini ile risiti ilikaa na samaki kwenye mkoba, wino umetoka, nasoma jina la kwanza laonekana, la pili lanuka tu.

BEKA: Hahaha! Jaji kibua.

MWANAIDI: Nilifika kama jaji wa tisa hivi risiti ikaisha. Baada ya hapo nilichagua kama mtu anayechagua nyanya gizani, naminya tu. Kuna mmoja nimempa kwa sababu jina lake lafanana na la mwalimu wangu wa darasa la sita. Dakika 22 nimesimama pale, nyuma yangu kuna mzee akohoa kile kikohozi cha kukuharakisha.

BEKA: Sasa ngoja, kabla ya majaji, ulinitumia picha ya kikaratasi cha sampuli, nimeona kuna mtu anagombea Kamishna wa Reli. Mimi hapo ndo niliposimama. Si unajua mzee wangu alikuwa reli Tabora miaka 31?

MWANAIDI: Twajua. Wasikilizaji wote wajua. Kila kipindi watwambia.

BEKA: Basi nikamwambia mzee, baba, wenzetu huko Texas kiongozi wa reli anapigiwa kura na wananchi! Mzee akafurahi sana, akavaa na miwani.

MWANAIDI: Maskini. Beka, hiyo Tume ya Reli haina reli.

BEKA: Haina reli kivipi?

MWANAIDI: Haina. Haishughuliki na treni hata moja. Ni tume ya mafuta na gesi. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma nikalala saa nane usiku. Iliundwa 1891 wakati wa gavana James Hogg, na kweli ilikuwa ya reli wakati huo, kampuni za reli zilikuwa zinawakamua wakulima kwa nauli za mizigo. Halafu 1917 ikapewa mabomba ya mafuta, kwa vile bomba nalo lasafirisha mzigo, miaka miwili baadaye ikapewa visima vyenyewe, na mambo ya reli yakawa yapungua yapungua mpaka 2005 kile kipande cha mwisho kikahamishiwa idara ya uchukuzi. Jina likabaki.

BEKA: Kwa hiyo behewa liko wapi?

MWANAIDI: Hakuna behewa.

BEKA: Mataruma?

MWANAIDI: Hakuna.

BEKA: Hata filimbi? Dada Mwana, mtu hawezi kuitwa Kamishna wa Reli hana hata filimbi, huo ni utapeli. Ngoja nimuite mzee... Baba! Baba, anasema haina reli! ...Anauliza, mishahara wanalipwa?

MWANAIDI: Mwambie wanalipwa. Makamishna watatu, miaka sita kila mmoja, na kila uchaguzi mkuu mmoja wao yumo kwenye kura. Wamejaribu kulibadilisha jina zaidi ya mara moja, bunge la jimbo likakataa.

BEKA: Kwa nini likatae? Si wabadilishe tu kibao cha mlangoni?

MWANAIDI: Wanaosema libadilishwe wasema hivi, mtu wa kawaida akiliona hilo jina kwenye kura aona ni mambo ya treni, aruka. Wenye visima hawaruki, wao wajua pale ndipo kibali chatoka, ndipo waruhusiwa kuchoma gesi hewani au la. Na si tume ndogo, yakhe. 1930 waligundua mafuta mengi mashariki ya Texas, kila mtu akachimba, bei ikaporomoka mpaka kama senti 10 kwa pipa, mwaka uliofuata gavana akapeleka wanajeshi visimani kufunga koki. Baada ya purukushani hiyo tume ndiyo ikawa yasema, wewe mwezi huu toa mapipa kadhaa, wewe kadhaa, bei isianguke. OPEC, ule umoja wa nchi zinazouza mafuta, walipoanza 1960 kule Baghdad walitazama hapo.

BEKA: Subiri. OPEC wameiga Tume ya Reli.

MWANAIDI: Ndiyo.

BEKA: Waarabu wa mafuta wamejifunza kwa mastesheni masta.

MWANAIDI: Beka sikiza, tumekula muda. Turudi kwa majaji, kwa sababu jambo la kwanza nililotaka kusema ni kwamba jaji asipigiwe kura. Basi.

BEKA: Hapo sikubaliani na wewe.

MWANAIDI: Nilijua.

BEKA: Sikubaliani kabisa. Mimi huku jaji anateuliwa na Rais, sawa kuna tume inashauri, lakini mimi Beka sijawahi kuulizwa. Wewe umeulizwa mpaka ukachoka, sasa unalalamika umeshiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

MWANAIDI: Niulizwe kitu nnachokijua! 2018 hapahapa Harris bado kulikuwa na kile kitufe kimoja, wabonyeza chama umemaliza kila kitu, na majaji wa Republican waliogombea kaunti nzima wakafagiliwa wote, wazuri kwa wabaya, sababu watu walikuwa na hasira na mambo ya Washington. Kitufe wakakiondoa kuanzia 2020, lakini chama bado kimeandikwa pale.

BEKA: Na mwaka huohuo si ndo walishinda wale kinamama weusi 17 kwa mpigo? Wewe mwenyewe ulinisimulia kwa furaha. Kwa kuteuliwa na gavana wangefika lini hao?

MWANAIDI: Hiyo ni kweli. Nilifurahi. Lakini wacha nikupe nyingine. Texas ina mahakama mbili za juu kabisa, moja ya madai na moja ya jinai, hiyo ya jinai ndiyo yamaliza rufaa za watu waliohukumiwa kifo, na wajua Texas imeshaua zaidi ya 500 tangu 1982. Sasa 2021 majaji wanane kati ya tisa wa mahakama hiyo, wote Republican, wakasema Mwanasheria Mkuu Ken Paxton hana mamlaka ya kushtaki kesi za uchaguzi peke yake mpaka aitwe na mwendesha mashtaka wa kaunti. Uamuzi wa katiba huo. Paxton akaapa kuwang'oa. 2024 kwenye kura za mchujo watatu wakaanguka, watatu wote waliokuwa wanagombea. Sasa jaji mwingine akiketi na faili ya Paxton mbele yake afikiria nini?

BEKA: Anafikiria wananchi.

MWANAIDI: Afikiria kazi yake!

BEKA: Na jaji wa kuteuliwa hafikirii kazi yake? Anamfikiria mtu mmoja aliyemteua, huyo wa kwako angalau anawaogopa watu milioni.

MWANAIDI: Kenya 2017. Majaji hatukuwapigia kura sisi, na wakafuta uchaguzi wa rais aliyeko madarakani, Jaji Mkuu Maraga na wenzake, wanne kwa wawili. Jaji wa kutafuta kura angethubutu?

BEKA: Huo ni mfano mmoja.

MWANAIDI: Na wako ni mmoja pia. Tena hawa wa Texas hawa wachangiwa pesa za kampeni na mawakili haohao wanaosimama mbele yao, kihalali, kuna kiwango kimewekwa tu. Halafu wengi wa Mahakama ya Juu huingia kwa kuteuliwa na gavana kiti kikiwa wazi katikati ya muhula, ndipo wagombee wakiwa tayari wameketi.

BEKA: Ahaa! Kwa hiyo kumbe wanateuliwa kwa mlango wa nyuma, halafu unasema tatizo ni kura.

MWANAIDI: Nasema tatizo ni vyote viwili pamoja.

BEKA: Dada Mwana, mi sibadiliki hapa.

MWANAIDI: Na mimi sibadiliki.

(kimya)

BEKA: ...Jogoo naye kanyamaza.

MWANAIDI: Hata yeye amechoka. Saa ngapi sasa? Ya Rabi, nna dakika nne, zamu yangu ya kazi yaanza saa nane mchana huku. Beka hatujagusa hata jambo la pili! Nilitaka kueleza bunge la huku, lakaa siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, mbunge alipwa dola 7,200 kwa mwaka, kwa hiyo nani aweza kuacha kazi yake... na wale Democrat waliokimbia jimbo ili akidi isitimie, 2021 wakaenda Washington, 2025 wakaenda Illinois kwa ajili ya ramani ya majimbo ya uchaguzi...

BEKA: Wamekimbia na nini? Treni?

MWANAIDI: Ndege, Beka.

BEKA: Si nilikwambia hawana reli. Basi hayo wiki ijayo. Ila mzee yuko mlangoni hapa hajaondoka, anauliza huyo Kamishna wa Reli ulimpigia nani?

MWANAIDI: Kura ni siri.

BEKA: Anasema majaji umetutajia mpaka samaki.

MWANAIDI: ...Niliruka.

BEKA: Uliruka nini?

MWANAIDI: Niliiruka ile sehemu. Nilidhani ni ya treni, na mimi sipandi treni.

BEKA: Baba! Baba, njoo usik—