Upanga Usiochomoka: Hofu Ndani ya Mononoke

Habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie katuni za kutisha za Kijapani, na kwa kuwa muda wenyewe ni mfupi, nitashika moja tu: Mononoke, iliyoongozwa na Kenji Nakamura, ikatengenezwa na Toei Animation na kurushwa Japani mwaka 2007. Najua kuna mtakaoichanganya na ile filamu maarufu ya binti wa msituni, Princess Mononoke. Hazina undugu wowote. Hii ni tamthilia ya sehemu 12, visa vitano, basi.

Mhusika mkuu ni muuza dawa asiye na jina. Anatembea na sanduku mgongoni, uso kapaka michirizi myekundu, masikio yamechongoka. Ana upanga wa kuua mononoke, mzuka unaozaliwa pale kinyongo au majonzi ya binadamu yanapoungana na nguvu zisizo za dunia hii. Ila upanga hautoki alani mpaka ajue mambo matatu: Umbo la mzuka, Ukweli wa kilichotokea, na Sababu iliyojificha mioyoni mwa watu. Kila akipata moja, kichwa cha mnyama kilicho kwenye mpini kinagonga meno, ka! Yasipogonga mara tatu, hana la kufanya.

Wanaojua kupunga pepo huku pwani watasema hilo si geni. Pepo naye huulizwa jina na anachotaka. Sawa, lakini katika ngoma anayehojiwa ni pepo. Hapa wanahojiwa wenye nyumba. Mzuka uko mlangoni, hirizi za karatasi zinageuka nyekundu ukutani, na huyu bwana, sauti haijapanda hata kidogo, anataka kujua wao walifanya nini.

Chukueni kisa cha kwanza. Usiku wa mvua, mjamzito aitwaye Shino anaomba hifadhi katika nyumba ya wageni. Bibi mwenye nyumba anamwambia vyumba vimejaa. Shino analia: kuna mtu ametumwa amuue yeye na mwanawe. Anapelekwa chumba ambacho hakipewi mgeni. Muuaji anamfuata humo humo, na anayekufa ni muuaji. Kisha wanaanza kuonekana watoto.

Bibi anabanwa, anakwepa, anabanwa tena. Kumbe nyumba ilikuwa danguro, naye ndiye aliyelisimamia. Wasichana wake walipopata mimba, zilitolewa ndani ya chumba kile. Mtu ungetegemea kisasi, sivyo? Watoto hawana habari na kisasi. Wanataka kuzaliwa, na wamemwona mwanamke aliyekataa katakata kumtoa wake. Shino anaibandua mwenyewe hirizi iliyokuwa ikimkinga. Upanga unapochomoka baada ya hapo, sidhani kama kuna mtazamaji anayeshangilia.

Kisa cha Ochou kinakwenda mbali zaidi. Anatuhumiwa kuua familia nzima ya mumewe, naye anakiri. Muuza dawa hakubali kukiri kwake. Taratibu inabainika kuwa aliyekuwa akiuawa ni Ochou mwenyewe, tangu utotoni, kila aliponyamaza ili mama yake apate kumwoza kwa samurai.

Kuhusu picha niseme machache: zina umbile la karatasi ya Kijapani na rangi zilizojazana kama za michoro ya kale ya kuchapwa kwa mbao. Milango ya kusukuma inafungwa na kufunguka kukata tukio. Katika kisa cha wachumba wanaogombea kipande cha udi, rangi zimefifia karibu zote, kisha zinarudi mtu anapounusa moshi. Ni werevu, ingawa kisa chenyewe, kwangu mimi, ndicho chepesi kuliko vyote.

Cha mwisho kinaruka hadi karne ya 20, ndani ya treni ya chini ya ardhi. Meya, mhariri wa gazeti, mpelelezi, mhudumu wa mkahawa na wengine wachache wamefungiwa behewani. Kila mmoja ana mkono wake katika kifo cha mwandishi wa habari, mwanamke. Mhudumu, kwa mfano, alitoa ushahidi wa uongo kwa tamaa ya kujulikana. Mimi ningewashauri muanze na hicho. Mzuka wake ni paka, na kati ya abiria wote wale, ningemwachia paka pochi yangu.