Tithonia Ijue kwa Jani, Usingoje Ichanue

Asanteni, kaeni kaeni. Haya nimeyasema Vihiga, nimeyasema Siaya, na bado nikipita barabarani naona mtu anafyeka tithonia kwa fensi anaitupa njiani ng'ombe wakanyage, halafu jioni mtu huyo huyo analia bei ya DAP, mbolea ya dukani, na majani yale ukiyafukia shambani ni mbolea. Inaniuma, siwafichi.

Mmea mnaujua. Waluo akech, Waluhya malulu, wengine alizeti mwitu, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati, leo uko kila boma kutoka Maseno mpaka Kakamega. Shida yenu ni moja, mnautambua ukishachanua tu. Mkiona njano imejaa ndio mnakumbuka eeh, yule afisa alisema tukate. Umechelewa! Ikishachanua shina limeshakuwa kuni, majani ya chini yamedondoka, nguvu imeenda kwa maua na mbegu, na ukifukia yale mashina yatachukua naitrojeni ya udongo ndio yaoze, mahindi yako yabaki yakingoja. Tunataka ile changa, majani na ncha laini, kabla ua halijafunguka. Sasa utaikataje kabla ya ua kama huijui bila ua? Ndio maana nataka tukae hapa kwa jani, hata kama mwenyekiti ananiangalia.

Shika jani, usiangalie kwa mbali. La tithonia limegawanyika sehemu tatu au tano, ukingoni kuna meno madogo madogo, na upande wa chini una manyoya mafupi, pitisha kidole utayasikia. Yale ya juu kabisa mara nyingine hayajagawanyika, kwa hivyo usichukue jani moja ukaanza kubishana na mimi, tazama ya katikati ya tawi. Vunja ncha changa, ndani utakuta moyo mweupe mwepesi kama sponji. Kisha ponda jani, gusisha kwa ulimi uteme, ule uchungu ukiupata mara moja hutauliza tena.

Mama hapo nyuma ananiambia ana nyingine ya njano shambani, fupi, majani yanakwaruza. Hiyo ni aspilia, mama. Angalia majani yake yamekaa mawili mawili yanatazamana na hayajagawanyika. Alizeti ya mafuta nayo jani lake ni pana, zima, na ikikomaa imekufa. Kuna na ile tithonia ya mapambo, ua la rangi ya chungwa, msimu mmoja kwisha. Yetu haifi, unakata inachipua, unakata tena inachipua.

Najua kuna mwalimu hapa atasema hii si jamii ya kunde, naitrojeni inatoa wapi? Swali zuri sana na jibu ni kwamba inatoa udongoni, haitengenezi kutoka hewani kama maharagwe. Lakini inajua kukusanya. Majani yake yakikaushwa yana karibu asilimia 3.5 ya naitrojeni, 0.37 ya fosforasi na 4.1 ya potasiamu, na yakifukiwa mabichi yanaoza haraka, wiki chache tu chakula kiko kwa mizizi. Maana yake unahamisha rutuba ya fensi unaipeleka shambani, na fensi pia inachoka, irudishie samadi. Na kama udongo wako hauna fosforasi, na huku kwetu mashamba mengi hayana, tithonia peke yake haitoshi, changanya na mbolea ya fosfeti, hata ile ya Minjingu ya Tanzania.

Mwingine atasema kazi ni nyingi. Ni kweli! Majaribio huku magharibi mwa Kenya yalitumia tani 5 kwa hekta, na hizo ni kavu, mbichi inapita tani 20 kwa sababu ni maji tupu. Nani atabeba? Kwa hivyo usianze na mahindi ya ekari mbili, anza na sukuma wiki na nyanya zilizo karibu na nyumba, hapo jasho lako linarudi na pesa.

Kupanda, haraka haraka: mvua ikianza kata kipande cha tawi lililokomaa, kama futi moja, kisimamishe kwa kuinamisha kidogo, macho ya kuchipua yatazame juu, usikilaze ukakifukia chote. Panda mpakani, si kando ya mto, na ukikata kabla ya maua haitamwaga mbegu kwa jirani, maana hii kitu ukiiacha inavamia kweli. Kwa mboga, fukia majani wiki moja kabla ya kuhamisha miche.

Na wanaochemsha majani wakinywa kwa malaria, tafadhali, ukisikia homa nenda dispensari upimwe damu kwanza. Haya simameni, twende kwa ile fensi, kila mtu aniletee tawi moja lisilo na ua.