Maembe ya Tanga na Kiwiko cha Idi

REHEMA: Karibuni tena, ndugu wasikilizaji. Kaka Salehe ameandika mafunzo matatu ya kumtunza mtoto anayecheza besiboli, ule mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, katika miezi isiyo na ligi, na karatasi yake iko hapa mezani, lakini naomba nianze na chapati.

SALEHE: Anza nayo, Dada Rehema. Tangu uliponipigia simu Jumapili usiku nimekuwa nikimfikiria yule kijana.

REHEMA: Tulirudi kutoka kwenye mashindano, nikatenga chapati na maharage, na mwanangu Idi akaanza kumega kwa mkono wa kushoto. Mnajua nyumba yetu ilivyo. Nilikwisha kufungua kinywa ili nimkemee. Ndipo nilipouona mkono wa kulia umelala pajani, umekunjwa kidogo kwenye kiwiko, na yeye ameinama upande huo kana kwamba anauficha. Nikamwambia aunyooshe, akaunyoosha mpaka mahali fulani, ukagoma. Mtoto wa miaka 13 alikuwa ameona ni afadhali kukosa adabu mbele ya mama yake kuliko kukiri kwamba anaumwa, kwa sababu alijua nitamwondoa kwenye timu.

SALEHE: Na alikuwa amemrushia mpigaji mpira mara ngapi?

REHEMA: Jumamosi alirusha mara 71 kwa timu moja, na Jumapili mara 44 kwa timu nyingine, na baada ya kurusha siku ile ya kwanza akawekwa kuwa mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, katika mechi hiyohiyo. Kila kocha alihesabu mirusho yake vizuri kabisa. Hakuna aliyejumlisha, na mimi mzazi, niliyekuwa nimekaa pale na hesabu zote mbili kichwani, sikujumlisha.

SALEHE: Mwongozo uliotolewa na Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani pamoja na shirikisho la besiboli la nchi hii unasema kwamba mtoto wa miaka 13 au 14 asizidishe mirusho 95 kwa siku, na akifikisha 66 au zaidi apumzike siku 4 kabla ya kupanda tena kilimani, kile kituta cha kurushia. Unakataza pia kurusha na kudaka katika mechi moja, kwa kuwa mdakaji anarudisha mpira kila mara na mkono haupati nafasi ya kupoa.

REHEMA: Daktari alipiga picha viwiko vyote viwili akaviweka sambamba. Upande wa ndani wa kiwiko, kwenye kile kifundo unachokigusa kwa kidole gumba, mfupa wa mtoto haujaungana bado. Kuna gegedu, yaani mfupa laini, ambalo ndilo linaloukuza. Kwenye picha sehemu ile inaonekana kama mstari mweusi, na mstari wa mkono wa kulia ulikuwa mpana kuliko wa kushoto. Alinieleza kwamba mtu mzima akirusha kupita kiasi huumia kano, ule ukanda unaoshika mfupa kwa mfupa, kama alivyoumia Tommy John, yule mrushaji ambaye daktari Frank Jobe alimpandikizia kano nyingine huko Los Angeles mwaka 1974. Kwa mtoto, gegedu ni dhaifu kuliko kano, kwa hiyo ndilo linaloanza kuvutwa na kuachana. Ameagizwa asirushe chochote kwa wiki 6.

SALEHE: Basi hapo ndipo funzo langu la kwanza linapoingia, nalo linahusu mapumziko. Lakini kabla sijalisoma, kuna jambo ambalo limenikaa moyoni. Nilipokuwa mtoto kule Tanga tulipopoa maembe kuanzia asubuhi hadi tuitwe kula. Kulikuwa na mwembe dodo nyuma ya msikiti, mrefu, na embe zilizoiva zilikuwa juu kabisa. Nilirusha mawe pengine mara 200 kwa siku, na sikumjua mtoto hata mmoja aliyeshindwa kunyoosha kiwiko.

REHEMA: Ulikuwa ukirusha mawe ya ukubwa gani?

SALEHE: Ya kila ukubwa. Jiwe kubwa kwa embe la chini, kokoto kwa la juu, na kipande cha gongo kwa kichala. Unarusha ukiwa umesimama, unarusha ukikimbia, unarusha kwa mkono wa kushoto pale tawi linapokuzuia. Ndiyo maana nasema mkono hujengwa kwa kurusha.

REHEMA: Kaka Salehe, umejijibu mwenyewe. Ulibadilisha jiwe, ulibadilisha mkono, ulibadilisha mwendo, na ulipochoka uliketi chini ukala embe. Hakuna aliyekuwa amesimama nyuma yako akikuambia umalize mzunguko. Idi anarusha mpira uleule wa gramu 145, kutoka mahali palepale, kwa nguvu zake zote, na mwili wake ukimwambia basi, kuna watu wazima kumi nyuma ya waya wanaomwambia bado.

SALEHE: Hilo nalikubali, lakini sizungumzii mashindano. Nazungumzia miezi hii ya Novemba hadi Januari.

REHEMA: Na je, msimu wa maembe ulipokwisha mlipopoa nini?

SALEHE: Tulipopoa zambarau, na baadaye tulitengeneza manati.

REHEMA: Manati inavutwa, hairushwi. Hata mwembe una miezi yake ya kukataa, ndugu yangu. Mti wenyewe uliwapa mapumziko ambayo sisi hapa Houston tumewanyima watoto kwa sababu baridi haituzuii kucheza.

SALEHE: Hapa ndipo tunapotofautiana, na sitaficha. Mimi nafundisha watoto wa miaka 10 hadi 12, na kila Februari naona jambo lilelile. Mtoto aliyeweka glavu kabatini miezi mitatu anarudi, wiki ya kwanza anataka kurusha kama alivyoacha, na wiki ya tatu bega linamuuma. Ningependa arushe kidogo, mara mbili kwa wiki, bila kilima, bila kupimwa kasi, kama mtu anayepopoa embe la tawi la chini.

REHEMA: Mwongozo uliousoma wewe mwenyewe unasema miezi 4 kwa mwaka bila kurusha, na miwili au mitatu kati ya hiyo iwe mfululizo.

SALEHE: Mwongozo unasema hivyo, nami naona umewatazama watoto wanaorusha kwa nguvu zote mwaka mzima. Wangu si hao.

REHEMA: Idi pia hakuwa miongoni mwa hao mpaka alipoongezewa timu ya pili. Watafiti waliolinganisha vijana 95 waliopasuliwa bega au kiwiko na wengine 45 ambao hawakuwahi kuumia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, waligundua kwamba kurusha kwa zaidi ya miezi 8 kwa mwaka kuliongeza hatari mara 5, na kurusha mara kwa mara huku mkono umechoka kuliiongeza mara 36. Hata Japani, ambako mwaka 2013 mvulana wa miaka 16 alirusha mara 772 katika mechi 5 ndani ya siku 9 na watu wakamsifu kwa moyo wake, tangu mwaka 2020 kuna kikomo cha mirusho 500 kwa wiki kwa wanafunzi wa sekondari.

SALEHE: Takwimu hizo ni za uchovu, wala si za mirusho 20 ya taratibu siku ya Jumatano.

REHEMA: Na nani atakayeihesabu hiyo 20 na kuizuia isiwe 40? Mwanangu hatagusa mpira mpaka Februari.

SALEHE: Na mimi wangu watarusha Jumatano.

REHEMA: Dakika ngapi zimebaki? Naambiwa tatu, na wanakwaya wamekwisha kufika mlangoni kwa zamu yao ya chumba.

SALEHE: Basi funzo la miguu na nyonga halitasomwa, na lile la kurudi kurusha taratibu, kuanzia mita 14, siku moja kurusha na siku moja kupumzika, halitasomwa pia. Nitoe zoezi moja tu. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, kata ukanda wa urefu wa mkono, ufunge kwenye kitasa cha mlango. Mtoto asimame ubavu kwa mlango, mkono anaorushia ukiwa upande wa mbali, akunje taulo na kuibana kati ya kiwiko na mbavu, kisha avute ukanda kuelekea nje polepole, taulo isianguke.

REHEMA: Mara ngapi?

SALEHE: Mara 15, kwa mizunguko miwili, na akisikia maumivu aache hapohapo. Idi asianze mpaka daktari aseme.

REHEMA: Nitamuuliza Alhamisi. Kitasa cha mlango wetu kimelegea, nitafunga kwenye nguzo ya ngazi.