Mteja anaandika shida yake, haandiki jina la bidhaa yako

Asanteni, kaeni. Naingia moja kwa moja maana muda ni mdogo, na wengi wenu nishawaambia hili mara nyingi tu, ila nikifungua akaunti zenu nakuta yaleyale: picha ya mzigo mpya, namba ya simu, "karibuni sana", basi. Asubuhi posti, jioni posti. Mnatangaza weee, sasa lini mnasoma watu wanachoandika?

Kuna dada anashona mapazia Tabata. Alikuwa analipia tangazo Instagram kila wiki, laiki zinakuja, wateja hawaji. Siku moja nimekaa naye dukani, umeme umekatika, cherehani imelala, nikamwambia ingia Facebook kwenye grupu la wakazi wa Goba, nitafutie mtu anayehitaji pazia. Akaandika "mapazia". Zikaja posti za mafundi wenzake watupu, wauzaji wanatangaziana wenyewe kwa wenyewe! Nikamwambia futa, andika "nimehamia". Kushuka kidogo tu, baba mmoja kaandika: jamani nimehamia juzi, kuanzia saa tisa jua linapiga mpaka kwenye kochi, halafu watoto wa jirani wanatuchungulia tukila, nyie mnafanyaje? Neno pazia halimo hata mara moja. Na chini watu wamejaa wanampa pole.

Dada vidole vikaanza kumuwasha abandike tangazo, nikamshika mkono. Muulize kwanza. Akamuuliza, kaka hilo dirisha lina upana gani, na kwa ndani lina grili? Akamweleza kwamba jua la jioni kitambaa cheupe chepesi hakilizuii, bora kizito chenye bitana nyuma. Baba akarudi na picha ya sebule. Kesho yake dada kaenda kupima madirisha manne, na watu wawili waliokuwa wanasoma kimya kimya wakamfuata inboksi wenyewe.

Ndo maana nalirudia hili kila ninapopewa kipaza sauti. Fundi friji, usitafute "friji", tafuta "haigandishi", tafuta "maziwa yanaharibika". Muuza matenki, "maji hayatoki wiki ya pili". Dada wa keki, "mwanangu anatimiza mwaka". Kaa chini uandike maneno 20 ambayo mtu mwenye shida hiyo huyasema kabla hajajua atanunua nini, anavyomlalamikia jirani yake hivyo hivyo.

Najua mtaniambia zipo programu za kulipia zinafanya yote hayo. Zipo, na kwa kampuni kubwa sawa. Ila Kiswahili kitenzi kinabadilika mbele. Natafuta, tunatafuta, anatafuta, nilikuwa natafuta, hayo kwa mashine ni maneno tofauti, ukiweka "tafuta" peke yake unaweza kuyakosa yote. Na watu hatuandiki sawa, huyu "nahitaji" yule "naitaji", huyu "nitapata wapi" yule "ntapata wapi". Yaandike yote, hata yaliyokosewa, maana anayekosea herufi pesa yake haijakosewa.

Mwingine anasema huku si kuchungulia watu? Hapana. Mtu kauliza hadharani ajibiwe, unamjibu palepale alipouliza. Kuchungulia ni kukusanya namba za watu kwenye magrupu na kuwatumia meseji za matangazo usiku, hilo acheni kabisa, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wanayo yao tangu 2019. Msiseme hamkuambiwa.

Naona naonyeshwa saa. Haraka haraka basi: komenti zilizo chini ya posti za washindani wako zisome, usiende kumwibia mteja pale kwake, angalia wateja wanalalamikia nini, kama kila mtu anasema mzigo unachelewa basi wewe wahisha halafu useme kwamba unawahisha. Google Alerts, huduma ya Google inayokutaarifu maneno fulani yakiandikwa mtandaoni, ni bure, ipe maneno yako ikuletee kwenye imeili. La WhatsApp nilitaka kulieleza vizuri, tutaliongea nje.

Kabla ya maswali, toeni simu. Kila mmoja aandike shida moja ya mteja wake kwa maneno ya mteja mwenyewe, aitafute sasa hivi, na akipata mtu anyooshe mkono anisomee alichoandika.