Nani Kasaini kwa Niaba Yetu? Wafanyakazi wa Ndege na Mikataba ya Kujipunguza

MANKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Tuko hapa Moshi, mimi ni Manka, na niko na kaka Elisante kama kawaida. Leo hatuna mgeni. Mada yenyewe sisi wawili hatukubaliani, kwa hiyo tutatoshana.

ELISANTE: Salamu kwenu nyote. Na mlioko zamu ya usiku pale uwanja wa ndege wa KIA, poleni na kazi.

MANKA: Hao ndio ninaowalenga hasa. Nimefanya kazi kaunta ya abiria pale kabla sijaingia kwenye mambo haya ya kurekodi, kwa hiyo mada hii inanigusa. Tunazungumzia mikataba ambayo chama cha wafanyakazi kinakaa na kampuni ya ndege, kinakubali mishahara ishuke, likizo zipungue, pensheni iguswe, halafu wewe mwanachama unakuta limeshasainiwa. Marekani watu wamegombana na viongozi wao juu ya hili kwa miongo. Wengi wanadhani hasira ile ni ya pesa. Mimi nasema pesa ni nusu tu.

ELISANTE: Na nusu nyingine?

MANKA: Kutoonyeshwa vitabu vya hesabu vya kampuni. Mtu anaweza kukubali kupunguziwa mshahara ili kampuni isife, nimewaona wakikubali. Kinachomchoma ni kugundua baadaye kwamba kuna jambo lilikuwa mezani na yeye hakuambiwa. Chukua American Airlines, Aprili 2003. Unakumbuka hali ilivyokuwa?

ELISANTE: Ilikuwa mbaya kweli. Mashambulizi ya Septemba 2001 yalikuwa yameua safari za ndege, vita vya Iraq vilikuwa vimeanza Machi, na shirika jingine, United, lilikuwa limeshaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi tangu Desemba 2002. American nao wakawaambia wafanyakazi: tupunguzieni, au kesho tunaenda mahakamani.

MANKA: Na wafanyakazi wakapunguza. Marubani, mafundi, wapakia mizigo, wahudumu wa ndani ya ndege. Jumla dola bilioni 1.62 kila mwaka. Wahudumu walipopiga kura mara ya kwanza, hapana ilishinda kwa kura chache. Muda wa kupiga kura ukaongezwa siku moja, "ndiyo" ikapita. Sasa sikiliza kilichofuata. Wakati kura zinahesabiwa, kampuni ikawasilisha taarifa zake kwa tume ya serikali inayosimamia soko la hisa, kama sheria inavyotaka. Ndani yake kukaonekana kwamba wakubwa wa kampuni waliwekewa bonasi za kuwabakiza kazini, na kwamba kulikuwa na mfuko maalumu wa kulinda pensheni zao hata kampuni ikifilisika. Pensheni zao wao.

ELISANTE: Mkurugenzi Mtendaji, Don Carty, alijiuzulu mwezi huohuo.

MANKA: Alijiuzulu, bonasi zikafutwa. Makato ya wafanyakazi yakabaki. Na miaka michache baadaye, mishahara ya watu bado iko chini, wakubwa wakaanza kulipwa mafao ya hisa ya mamilioni ya dola. Halafu Novemba 2011 kampuni ileile ikaenda mahakama ya ufilisi, mahali ambapo watu waliambiwa wajitoe mhanga ili wasifike. Kaka, wewe ni fundi, una watoto wanasoma, umekatwa miaka minane. Utamwangaliaje katibu wa chama aliyekuja karakana kukuambia "pigeni ndiyo"?

ELISANTE: Nitakuwa na hasira, sikatai. Lakini nimewahi kuwa katibu wa tawi, kwenye hoteli huko Arusha, kwa hiyo meza ile naijua. Katibu naye hakuonyeshwa. Wale viongozi wa American walipigwa changa la macho pamoja na wanachama wao, ndiyo maana nao walikuja juu zile habari zilipotoka. Halafu kuna kitu ambacho mwanachama wa kawaida hakioni. Sheria ya ufilisi ya Marekani inamruhusu mwajiri aliyefilisika kumwomba jaji avunje mkataba wa wafanyakazi. Fikiria unajadiliana na mtu mwenye uwezo huo. Unaona afadhali usaini wewe asilimia kadhaa kuliko jaji aandike anachotaka.

MANKA: United walikwenda njia hiyo ya mahakama.

ELISANTE: Ndiyo. Mwaka 2005 jaji aliruhusu United iachane na mifuko yake ya pensheni. Upungufu ulikuwa dola bilioni 9.8. Shirika la serikali la bima ya pensheni likabeba bilioni 6.6, na zilizobaki zikawa hasara ya wafanyakazi na wastaafu. Kiongozi aliyeyaona hayo kwa jirani, halafu akasaini makato nyumbani kwake, mimi siwezi kumwita msaliti moja kwa moja.

MANKA: Mimi pia neno msaliti silipendi. Lakini watu wanaposema viongozi wameuza mechi, wana sababu. Nikupe mfano ambao hakukuwa na ufilisi wowote. Boeing. Najua ni kiwanda, siyo shirika la ndege, lakini ndiko zinakotoka ndege zenyewe. Novemba 2013 mafundi wa kule Seattle walipelekewa mkataba unaofuta pensheni ya mfumo wa zamani, wakaukataa kwa theluthi mbili. Kampuni ikatishia kupeleka kazi ya ndege mpya, 777X, jimbo jingine. Viongozi wa chama wa eneo lao wakasema tusipige tena kura. Makao makuu ya chama yakaamuru ipigwe, tarehe 3 Januari 2014. Tarehe 3 Januari!

ELISANTE: Watu wengine bado wako kwenye mapumziko ya sikukuu.

MANKA: Ndicho walicholalamikia. Ukapita kwa asilimia 51. Kampuni iko salama, ina oda za kutosha, na pensheni imekwenda. Ukasainiwa hadi 2024. Septemba 2024 ulipofika mwisho, viongozi wakaleta makubaliano mapya, wakawashauri wanachama wayapokee. Asilimia 94.6 wakasema hapana. Wakagoma zaidi ya wiki saba. Miaka kumi imepita, mtu bado anasimama kwenye baridi anadai ile pensheni.

ELISANTE: Na hawakuipata.

MANKA: Hawakuipata. Walipata nyongeza ya asilimia 38 kwa miaka minne, lakini pensheni haikurudi. Ndiyo maana nawaambia viongozi, hapa nyumbani na kokote: kitu ulichokitoa kwa kura ya haraka hakirudi kirahisi. Na wanachama hawasahau.

ELISANTE: Basi na mimi nikupe mfano wa upande wa pili, maana kuna wanachama wanaosikia haya wakasema dawa ni kuhama chama. Mafundi wa Northwest Airlines walifanya hivyo. Mwaka 1993 walikuwa wameingizwa kwenye makato makubwa kuiokoa kampuni. Walipochoka na chama chao kikubwa, mwishoni mwa miaka ya 1990 wakajiunga na AMFA, chama cha mafundi peke yao. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri, wakapata mkataba mnono. Agosti 2005 kampuni ikataka kufuta sehemu kubwa ya kazi zao. Wakagoma, watu kama 4,400.

MANKA: Na kampuni ilikuwa imejiandaa.

ELISANTE: Ilikuwa na mafundi mbadala tayari. Lakini kilichowamaliza ni wenzao. Marubani waliruka, wapakia mizigo walipakia. Chama cha zamani, kile walichokihama, hakikuwaunga mkono. Ndege zikaendelea kuruka, na kazi nyingi za wale mafundi hazikurudi tena. Hasira yao ilikuwa halali kabisa, dada Manka, na bado walibaki peke yao.

MANKA: Hilo nalipokea. Ila tusiwalaumu wao tu. Chama kikubwa kilichoacha watu wake wafike mahali pa kuhama kina sehemu yake, na kilipokaa pembeni wenzao wanafukuzwa kilizidisha.

ELISANTE: Sawa, hapo tunakubaliana. Twende nyumbani sasa.

MANKA: Twende. Uwanja wa KIA uko hapo Hai, katikati ya Moshi na Arusha, na riziki ya watu wa pande zote mbili inapitia pale. Mwaka 2020, Aprili, ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa nchini hadi katikati ya Mei. Hata zilipofunguliwa, wageni wa mlimani na wa mbugani hawakurudi mara moja. Kwenye kampuni moja, ambayo sitaitaja, watu walipewa karatasi ya kupunguziwa mshahara wakaambiwa chama kimeshakubali. Waliposema tunaomba kuuona muhtasari wa kikao, hakuna aliyewaonyesha. Waliokubali kukatwa walikuwa wengi tu, maana kila mtu aliona uwanja ulivyokuwa mtupu. Walichouliza ni: hadi lini? Na wakubwa nao wamekatwa?

ELISANTE: Maswali hayo mawili yangetosha kuandikwa kwenye mkataba wenyewe. Tarehe ya mwisho ya makato, na kifungu cha kurudisha mshahara hali ikitengemaa. Ukiacha hivyo viwili, makato ya dharura yanageuka mshahara mpya.

MANKA: Wewe wa sheria, wasaidie watu hapa. Mkataba wa hali bora, ule ambao chama kinasaini na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi, kwetu unamfunga nani?

ELISANTE: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi. Chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo husika kinatambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano. Kikisaini, mkataba unaanza kufanya kazi pale saini ya mwisho inapowekwa, isipokuwa wenyewe waandike vinginevyo. Na unawafunga hata wafanyakazi wasio wanachama. Ukumbuke pia palipo na makubaliano ya ada ya uwakala, asiye mwanachama naye anakatwa.

MANKA: Yaani unakatwa ada, unafungwa na saini, na inawezekana hukuulizwa.

ELISANTE: Hapo ndipo pa kuangalia. Kwa mgomo ulioitishwa na chama, sheria inataka kura na wingi wa waliopiga. Kura ya kuupokea mkataba, hiyo inategemea katiba ya chama chako. Kwa hiyo mtu asome katiba ya chama chake. Kama haina kura ya wanachama kabla ya saini, mkutano wa chama ndio mahali pa kuidai.

MANKA: Na vitabu?

ELISANTE: Chama kinachotambulika kina haki kisheria ya kudai taarifa zinazohusika ili kijadiliane sawasawa. Na mwajiri akitaka kupunguza watu anapaswa kueleza sababu, kueleza hatua za kuepusha, na kushauriana. Nikiwa katibu nilijifunza kwamba mwajiri hukupa ulichokiomba kwa maandishi tu. Ukiomba kwa mdomo unapewa soda.

MANKA: Waongoza ndege je? Maana wengine watasema tugome kesho.

ELISANTE: Waongoza ndege na mawasiliano ya anga wako kwenye orodha ya huduma muhimu, kugoma kwao kumezuiwa, mgogoro wao unaenda kwenye usuluhishi. Watu wa kaunta na mizigo si lazima wawe kundi hilo, lakini nao wana hatua za kupita kwanza, ikiwemo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asikurupuke mtu akamwaga unga wake.

MANKA: Mimi nina ombi moja kwa makatibu wa matawi. Fulana na kofia za Mei Mosi tumezipokea, tunashukuru. Sasa bandikeni rasimu ya mkataba ubaoni, kwa Kiswahili, kabla ya kusaini, na muda wa kutosha kwa mtu wa zamu zote tatu kuisoma. Julai 2025 wahudumu wa United walipewa muda wa kusoma makubaliano ambayo viongozi wao waliyapendekeza, na asilimia 71 wakayakataa. Chama hakikufa. Kilirudi kuwauliza wanachama wanataka nini, kikarudi mezani.

ELISANTE: Na kiongozi anayerudi mezani baada ya kura kama ile ana nguvu zaidi mbele ya mwajiri. Anaweza kusema: mimi ningekubali, hawa wamekataa, nifanyeje?

MANKA: Basi wasikilizaji, tufanye kazi hii kabla ya kipindi kijacho. Tafuta katiba ya chama chako, angalia kama kuna kifungu kinachosema mkataba wa hali bora upigiwe kura na wanachama. Kitumie kwetu jinsi kilivyo, bila jina lako, bila jina la kampuni. Tutavisoma hapa kimoja kimoja.

ELISANTE: Na kama umeomba katiba ukaambiwa haipo ofisini, tuandikie hilo pia.