Matundu ya Barakoa Yasizibwe

Ndugu wasikilizaji, nimelisema hili kila niliposimama na leo ninalisema tena: matundu madogo yaliyo mbele ya barakoa ya CPAP, ile mashine inayosukuma hewa ili koo la aliyelala lisizibe, si kasoro, na anayeyaziba kwa plasta ili kuzuia uvujaji hujivutisha upya kabonidayoksaidi aliyokwisha kuitoa. Bomba ni moja tu na feni huisukuma hewa kuelekea usoni, hivyo pumzi chafu haina njia nyingine ya kutokea. Shinikizo likiwa sentimita 10 za maji, barakoa nyingi hupitisha katika matundu hayo lita 30 hivi kwa dakika, ilhali mtu aliyelala huvuta lita 6 hadi 8 tu.

Mtauliza: mashine hutofautishaje hewa hiyo na pumzi? Kihisi chake kimo karibu na feni, mbali na pua, nacho hupima jumla ya hewa inayopita: pumzi, hewa ya matundu, na ile inayopenya pembezoni mwa barakoa. Hewa ya matundu hujulikana mapema kwa kila shinikizo kwa kuwa mtengenezaji ameipima, na ndiyo maana aina ya barakoa isipochaguliwa sawasawa kwenye mashine, hesabu huharibika. Kuhusu kinachobaki, mashine hutegemea kwamba hewa inayoingia mapafuni hutoka kwa kiasi kinachokaribia kuwa kilekile. Ikipiga wastani wa pumzi kadhaa, kuingia na kutoka hufutana, na kinachosalia ni uvujaji. Kisha feni huongeza kasi ili shinikizo lisishuke.

Huenda mtu akasema kwamba, ikiwa mashine hufidia, hatuna haja ya kujali. Haja ipo, kwa sababu fidia ina kikomo: uvujaji ukizidi, shinikizo hushuka, na mashine hushindwa kutambua pumzi iliyokatika. Tena mdomo ukifunguka ghafla, wastani huchelewa kufuata, na kwa pumzi chache hesabu huwa si sahihi.

Kwa kuwa muda umebana, niseme kwa haraka: mashine za kampuni ya ResMed huonyesha uvujaji usiokusudiwa pekee, na kikomo chake ni lita 24 kwa dakika, ilhali za kampuni ya Philips Respironics huonyesha jumla pamoja na hewa ya matundu; msilinganishe tarakimu zao. Wala msikaze mikanda kupita kiasi, kwani mto wa barakoa, ile sehemu laini inayogusa uso, hupindika na kuvuja zaidi. Irekebisheni mkiwa mmelala, mashine ikiwa imewashwa.